Hayupo: Lugha na Kuwepo katika Riwaya ya Kichwamaji

Babu yangu alipofariki nyumbani kwetu Arua, nilikuwa katika mwaka wa kwanza wa masomo ya Kiswahili. Shangazi yangu ameolewa Bunia, kwa hiyo wakwe zetu walivuka mpaka kuja kuzika, na wao hawajui Kilugbara. Baba mdogo aliposimama kuzungumza kabla ya maziko, aliniita mbele ya watu wote.

"Wewe mwanangu, si ndiwe unayesomea Kiswahili? Waambie wakwe zetu ninayosema."

Nilisimama kwa fahari ambayo haikufaa kuwapo msibani. Baba mdogo alisema sentensi yake ya kwanza kwa Kilugbara, kisha akanitazama. Nilijua kusema "amekufa", lakini neno hilo niliona ni kavu, kama linalosemwa juu ya mbuzi. Nilijua pia "amefariki" na "ameaga dunia", ila hayo yalinikumbusha matangazo ya vifo redioni. Basi nikachagua nililodhani ni la upole. Nikasema, "Babu hayupo."

Pakawa kimya. Bibi mmoja wa Bunia aliyeketi mkekani karibu nami akaniuliza kwa sauti ya chini, bila dhihaka yoyote, "Ameenda wapi?"

Vijana waliokuwa nyuma wakacheka, na mimi nikaendelea kutafsiri huku masikio yakiwaka moto. Kwa muda mrefu nililihesabu jambo hilo kuwa aibu ya mwanafunzi asiyeiva. Nilianza kulifikiri upya tuliposoma Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi darasani, kwa sababu niliona kwamba swali la yule bibi linaifaa riwaya hiyo kuliko maswali mengi ambayo sisi wanafunzi hujifunza kuyauliza.

Tuanze na yale ya kawaida. Kichwamaji ilichapishwa mwaka 1974 na East African Publishing House, miaka mitatu baada ya Rosa Mistika, na mwaka uleule Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi iliyowachokoza wapenzi wa vina na mizani. Msimulizi ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe. Rafiki yake wa utotoni, Manase, sasa ni Mkuu wa Wilaya. Manase alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa, na mama yao naye anakufa. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase, lakini badala yake anampenda na kumwoa. Mtoto anayezaliwa ana kichwa kikubwa kupita kiasi, hadumu, na mwishowe Kazimoto anajiua. Nimeifupisha vibaya, najua, lakini nilitaka vifo vionekane vimepangana hivyo, kimoja baada ya kingine, ndani ya familia moja.

Mwanafunzi yeyote wa fasihi ya Kiswahili akiambiwa aandike juu ya riwaya hii ataandika neno "udhanaishi" kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Nami nimeliandika mara nyingi na kupata alama. Hoja ya kawaida huwa hivi: Kezilahabi alisoma falsafa ya Ulaya, Kazimoto ni ndugu yake yule mgeni wa Camus, maisha hayana maana, na mtu anabaki peke yake na uhuru wake. Siipingi hoja hiyo. Kazimoto mwenyewe hufikiri sana juu ya maana ya maisha, na mtunzi hakuficha alichokuwa anasoma. Shida yangu ni kwamba hoja hii inaweza kutolewa bila kutaja hata mara moja kwamba riwaya imeandikwa kwa Kiswahili. Ingeandikwa kwa Kifaransa, insha zetu zisingebadilika hata sentensi moja. Hilo linanitia shaka, kwa kuwa Kiswahili hakisemi "kuwepo" kama wanavyosema hao tunaowaazima.

Kiswahili hakina kitenzi kitupu cha kuwepo. Nikisema "mimi ni", msikilizaji anangoja: ni nani, ni nini? Ili niseme kwamba nimo duniani, lazima niseme nipo, au niko, au nimo, na kila moja ya hizo imebeba mahali ndani yake: pale panapojulikana, kule kusikodhihirika, mle ndani. Hata nomino tunayoitumia katika falsafa, "kuwepo", ina hiyo -po, iwe tunaisikia au hatuisikii. Watafsiri wa Biblia walipofika kwenye jina ambalo Mungu alijitajia mbele ya Musa, hawakuwa na njia nyingine, wakampa -ko. Mwenyezi Mungu mwenyewe, kwa Kiswahili, yuko.

Kwa hiyo bibi wa Bunia hakukosea. Wao husema "eko" pale tunapofundishwa kusema "yuko", lakini mantiki ni ileile. Nilimwambia kwamba mtu fulani hayupo pale, naye akauliza kinachofuata. Kwa Kiswahili, asiyekuwepo hapa anapaswa kuwa mahali fulani.

Sasa turudi kwa Kazimoto tukiwa na swali la yule bibi. Riwaya inaanza akiwa kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, akingoja. Wapo wengine wanaongoja pia. Anayemngojea ni mtu aliyecheza naye utotoni. Hapo Kazimoto yupo, mwili wake upo, lakini hayumo. Wanafunzi wenzangu huisoma sehemu hii kama ukosoaji wa wakubwa wa serikali baada ya uhuru, na ni kweli ni hivyo. Ila mimi naiona pia kama somo la sarufi. Tofauti ya "yupo" na "yumo" ndiyo itakayomsumbua mtu huyu hadi mwisho. Nyumbani kwa wazazi wake yupo, lakini hayumo katika mambo wanayoyaamini. Chuoni yupo kwa jina. Katika ndoa anaingia kwa mlango wa kisasi, na ingawa mapenzi yanakuja baadaye, mlango alioingilia haubadiliki. Tukisema tu kwamba Kazimoto hana maana ya maisha, tumemnyima tatizo lake halisi, ambalo ni kwamba hapati mahali pa kuwa ndani yake.

Na hapa lugha inaingia kwa njia nyingine. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na lugha ya nyumbani kwao ni Kikerewe. Wazazi wa Kazimoto, kama wangekuwa watu halisi wa kisiwa hicho, wangelia, wangegombana na wangezikana kwa Kikerewe. Katika riwaya wanafanya hayo yote kwa Kiswahili. Yaani kila kifo tunachosoma kimekwisha kutafsiriwa kabla hatujafungua kitabu, na hakuna anayetuambia. Mtunzi amefanya kazi ileile niliyopewa na baba mdogo, isipokuwa yeye hakuchekwa.

Jambo hili ni rahisi kulipita ukiwa Unguja au Tanga. Mimi natoka Arua. Kwetu Kiswahili kiliingia kwa buti: West Nile ilikuwa mahali pa kuandikisha askari wa King's African Rifles, na babu yangu mwenyewe alikipata jeshini. Alikuwa na Kiswahili cha amri na cha mahesabu. Alikitumia sokoni na wafanyabiashara kutoka Ariwara, na alikitumia kutufukuza tukiharibu mihogo yake. Sikuwahi kumsikia akikitumia kwa huzuni. Mwaka 1973 Idi Amin, mtu wa Koboko, alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa Waganda wengi wa kusini hilo lilikiongezea sifa ya bunduki ambayo bado hakijaimaliza. Basi niliposimama msibani, nilikuwa natumia lugha ambayo katika ukoo wetu ilikuwa haijazika mtu. Ndiyo maana sikuwa na neno. Maneno yapo mengi, lakini hakukuwa na hata moja ambalo mtu wa nyumbani kwetu alikuwa amelilia.

Kisiwa cha Ukerewe kimetupa riwaya nyingine inayofaa kuwekwa kando ya hii, na nashangaa kwamba haziwekwi pamoja mara nyingi. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata wa kuichapisha kwa lugha hiyo, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, na yeye akafa mwaka uliofuata. Kisa chake kinatokana na maneno: ndugu za mume wanamtukana Bugonoka kwa kukosa mtoto, wazazi wake wanamchukua, na mume analazimika kwenda ukweni kumrudisha. Lakini maneno yaliyovunja nyumba ndiyo pia yanayoijenga tena. Watu wa Kitereza husalimiana mpaka msomaji wa leo achoke. Wanaulizana habari za nyumba, za ng'ombe, za njiani. Hakuna anayefika mahali bila kuulizwa anatoka wapi na anaenda wapi. Katika kitabu hicho mtu yumo kwa sababu anaulizwa. Tukihamia kwa Kezilahabi, kisiwa ni kilekile, na kijana amefika nyumbani na vitabu kichwani, anafikiri kurasa kwa kurasa, lakini mawazo yake yanaishia kwetu wasomaji. Baba na mama hawayapati.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba zamani palikuwa na amani na usomi ukaiharibu. Matusi aliyotukanwa Bugonoka yalikuwa ya watu wasiosoma. Nasema tu kwamba Kitereza na Kezilahabi wanajibu tofauti swali la nani anapaswa kusikia.

Nina mfano wa nyumbani. John Middleton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara kuanzia 1949 hadi 1952 na kuandika Lugbara Religion, ameeleza jambo ambalo wazee wetu walinithibitishia nilipowauliza. Mwanamume alikuwa na mlio wake mwenyewe, unaoitwa cere, ambao mtu mwingine hakuruhusiwa kuupiga. Mzee alipokuwa anakaribia kufa, alisema maneno yake ya mwisho na mrithi wake ndani ya nyumba. Kisha mrithi alitoka nje na kuupiga mlio wa yule mzee. Hapo ndipo mzee alikuwa amekufa. Pumzi ilikuwa jambo la mwili tu. Kifo kilikuwa tamko, na tamko lilikuwa na mwenyewe wa kulitoa.

Babu yangu alifia kwenye kitanda cha hospitali, saa tisa za usiku. Baba yangu, ambaye ndiye mrithi, alikuwa Kampala, akapigiwa simu. Alifika siku ya maziko yenyewe, jioni, baada ya kaburi kufunikwa. Hakuna aliyepiga cere, na sina hakika kama baba angeweza hata angekuwepo, maana sisi ni Wakatoliki wa vizazi vitatu. Natoa habari hizi kwa sababu zilinifanya nisome vifo vya Kichwamaji kwa jicho jingine. Rukia anakufa, mama anakufa, na msimulizi anayabeba maneno yao yote ndani ya kichwa chake. Kazimoto ana falsafa kwa ajili ya kila kifo, lakini hana tamko. Anachukua jukumu la kulipa kisasi, ambalo ni la vitendo vya siri, badala ya jukumu la mrithi, ambalo ni la kutoka nje na kusema mbele ya watu.

Jina la kitabu linaonyesha jambo hili vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote. "Kichwamaji" kwanza ni neno la kumsema mtu: mkaidi, mtu asiyetulia akili. Ni sauti tu, hutoka mdomoni na kupotea. Katika riwaya neno hilo linapata mwili. Watoto wanazaliwa na vichwa vikubwa, kwa Manase na kisha kwa Kazimoto, kana kwamba tusi lilikaa mahali fulani likingoja nyama. Walimu wetu husema hii ni ishara ya kizazi cha wasomi, chenye vichwa vikubwa visivyo na kitu. Sawa. Lakini angalia mwendo wenyewe: baba aliyekuwa na maneno mengi mno yasiyomfikia mtu anamzaa mtoto ambaye hatatamka hata neno moja. Sijui sehemu nyingine katika riwaya ya Kiswahili ambapo sitiari imekuwa ya kikatili hivi.

Wakati tunasoma Kichwamaji, mhadhiri wetu alitupa pia As I Lay Dying ya William Faulkner, riwaya ya mwaka 1930, kwa Kiingereza chake kigumu cha mashambani Mississippi. Nayo ni habari ya familia na maiti: Addie Bundren amekufa, na mumewe na watoto watano wanasafiri na jeneza kwenda kumzika kwa watu wake, kupitia mafuriko na moto. Sisi wa Arua hatukuhitaji kuelezwa kwa nini mtu abebwe maili nyingi ili alale kwao. Wanafunzi wa Kampala ndio waliouliza. Kitabu kina sehemu 59 na wasemaji 15, na katika sehemu moja anasema Addie mwenyewe, ilhali tayari ni maiti. Anachosema, kwa ufupi, ni kwamba maneno hayafai kitu, kwamba yalibuniwa na watu ambao hawakuwahi kutendewa kile wanachokitaja.

Nilijaribu kumtafsiri Darl, mwana wa pili, kwenye ile sehemu anayojiuliza usiku kama yeye yupo au la. Kwa Kiingereza anacheza na kitenzi kitupu. Kwa Kiswahili kila sentensi yangu ilidai mahali: yupo wapi? Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipogundua kwamba Darl mwenyewe anaanza mawazo hayo kwa kutaja chumba kigeni, mbali na nyumbani, ambamo mtu anajaribu kulala. Kwa hiyo hata Mmarekani yule alianzia mahali. Kiswahili kilikuwa kimemwelewa mapema kuliko mimi.

Rafiki yangu mmoja wa darasani alinipinga vikali. Alisema kwamba ninageuza kanuni ya sarufi kuwa falsafa, na kwamba msemaji wa kawaida akisema "nipo" hafikirii mahali zaidi ya vile asemavyo "asubuhi" akimfikiria Mwarabu. Ni pingamizi zuri, na sijalimaliza. Ninachoweza kusema ni kwamba bibi wa Bunia ni msemaji wa kawaida, na aliuliza.

Lakini kuna jambo moja ambalo Faulkner alinionyesha na ambalo linanifanya nisimsamehe Kezilahabi kabisa. Addie amekufa na bado amepewa sehemu yake. Rukia hakupewa. Ndiye aliyebeba mimba, ndiye aliyekufa, kisasi chote kinafanywa kwa jina lake, na sisi tunamjua kupitia kaka yake tu. Sabina vilevile. Tunajua Kazimoto alivyomtamani, alivyokusudia kumtumia, alivyokuja kumpenda. Yeye mwenyewe aliposikia, kama alisikia, kwamba mapenzi yake yalianza kama mtego, alifikiri nini kitandani usiku? Nafsi ya kwanza inamfunga Kazimoto, nakubali, lakini pia inamlinda. Ile ni- yake imejaa kitabu chote, hata baada ya kuamua kwamba haitaki kuwepo tena. Tunasoma riwaya nzima ya mtu anayesema "mimi" na ambaye, tukifunga kitabu, hayupo.

Mwaka mmoja baada ya maziko, wakwe wa Bunia walirudi kwa ibada ya kumkumbuka babu. Yule bibi alinitambua. Safari hii sikusubiri aniulize. Nilimwambia, "Babu yuko nyuma ya nyumba, chini ya mwembe." Akaitikia, akajifunga kanga vizuri, akaenda kumsalimu.

Kazimoto naye anamwacha Sabina. Kuna asubuhi inayofuata, ambamo mwanamke aliyempoteza mtoto na sasa mume lazima awaambie watu, na lazima achague neno. Je, atasema amekufa, hayupo, au ametuacha? Na watakaomsikiliza ni akina nani, baada ya nyumba nzima kuisha? Riwaya hiyo bado haijaandikwa, nami ningeisoma kabla ya kuisoma tena Kichwamaji.